Pigo Moja la Dobi Namekawa

Nilikwenda Japani kusomea mabomba ya maji taka, na mabomba nikayasomea. Shahada nikaipata, kazi ya kuyakagua nikaipata pia, katika mji mmoja mdogo wa mkoa wa Niigata. Hili la kupigwa kichwani kwa upanga wa mianzi sikutumwa na mtu. Nilijipeleka mwenyewe.

Jina langu Kondo, Mzaramo wa Kisarawe. Kwa kuwa Wajapani nao wana ukoo wenye jina hilo, siku ya kwanza ukumbi mzima wa kendo, mchezo wa hizo panga za mianzi, ulikuwa unamngoja Mjapani mwenzao. Nilipoingia, walichungulia nyuma yangu kuona Kondo mwenyewe yuko wapi. Kisha wakanipima kwa macho, wakaona urefu, wakaona mabega, wakanong'onezana kwa furaha. Walidhani wamepata silaha. Mwezi haujaisha, mama mmoja muuza mboga, ambaye kichwa chake hakifiki kifuani pangu, alikuwa amenipiga kiasi kwamba akaanza kuniletea figili nyumbani kwa huruma.

Na mimi sikwenda pale kutafuta figili. Nilikwenda kutafuta nidhamu. Chuoni Dar es Salaam nilikuwa nimeongoza mgomo wa chakula bwenini, mgomo uliovunjika siku ya pilau, na tangu hapo niliamini kwamba kinachotuangusha sisi vijana ni kukosa nidhamu ya moyo. Nikaona niende nikaichote kwenye chemchemi yake. Kwenye chemchemi nikamkuta dobi.

Namekawa Yasuji alizaliwa nyuma ya duka la dobi la baba yake, akalirithi, na mvuke wa duka hilo ulikuwa umemlainisha ngozi ya uso hadi ukimtazama hukujua ana miaka hamsini au themanini. Alikuwa ameshapita sabini. Mtoto wake wa kiume alifanya kazi ya kompyuta Tokyo na alivaa mashati yasiyohitaji pasi, jambo ambalo Mzee Namekawa alilitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja jela. Jioni tatu kwa wiki alifundisha kendo. Alifundisha vizuri. Nusu ya mji, kuanzia muuza mboga wangu hadi mwalimu mkuu wa shule ya msingi, walishika upanga wao wa kwanza mbele yake.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumshinda. Ng'ambo ya mto aliishi Ubukata Genzo, mtengeneza tofu, ile jibini ya soya. Walianza shule siku moja, wakaanza kendo siku moja, na kila Novemba watu wa ng'ambo hii na watu wa ng'ambo ile walipokutana kwenye ukumbi wa michezo, pambano la mwisho lilikuwa lao wawili. Na kila Novemba Ubukata alishinda. Namekawa hakuwahi kupata hata sare. Si kwamba alikuwa dhaifu. Ni kwamba akimwona Ubukata mbele yake, upanga ulisimama nusu ya njia, kama pasi iliyokatiwa umeme.

Siku moja mwishoni mwa Agosti nilipeleka suruali zangu za kazi, ambazo kwa sababu ya kazi yenyewe alizipokea kwa koleo.

"Anaondoka," akasema, macho kwenye shati alilokuwa anapiga pasi.

"Nani, mzee?"

"Ubu. Anafunga duka la tofu. Anahamia Kagoshima, kusini kabisa, kwa binti yake."

"Lini?"

"Mashindano yakiisha." Akageuza kola. "Kwa hiyo imebaki mara moja. Baada ya hapo nitakuwa mtu anayeshindwa na mtu asiyekuwepo. Hilo ni baya zaidi."

Alisema hivyo tu, lakini mimi damu ilinichemka. Niliona mbele yangu mnyonge wa karne, na nikajiona mimi ndiye niliyetumwa.

"Mzee Namekawa," nikasema, mkono juu, "hakuna mnyonge wa kudumu! Kila aliyewahi kukaliwa kichwani—"

"Shika hilo shati upande huo."

Nikalishika. "Kila aliyewahi kukaliwa kichwani, siku alipoamua kusimama—"

"Usilikunje."

"Silikunji. Siku alipoamua kusimama, mkaliaji alianguka! Hofu ndiyo minyororo yetu!"

"Kondo," mkewe, Mama Sadae, akaita kutoka nyuma ya pazia, "hotuba ikiisha kuna chai ya shayiri."

Hata hivyo tulikubaliana. Kila asubuhi kabla hajafungua duka tungekutana ukumbini, wawili tu. Mimi ningekuwa Ubukata.

Nilifanya uchunguzi wa kitaalamu. Nilimwambia tatizo lake ni heshima iliyozidi. "Unampiga mtu kama unabisha hodi, mzee." Akaniuliza katika miaka yangu mitatu ya kendo nimeshinda mapambano mangapi. Nikamwambia hilo si hoja. Akafikiri kidogo, akasema ni kweli, daktari wa meno si lazima awe na meno mazuri.

Basi nikasimama mbele yake na ile kofia yenye nondo za chuma usoni, nikawa Ubukata. Mwanzoni upanga wake ulikuwa unafika juu ya kichwa changu na kusita. "Piga!" nikampigia kelele. "Mimi nimekushinda maisha yako yote! Mimi nakwenda Kagoshima!" Akapiga. Kesho yake akapiga zaidi. Kufika Oktoba alikuwa ananipiga hadi ofisini nilikuwa natafuta maneno, sioni sentensi inaanzia wapi. Bosi wangu aliniuliza kama ninakunywa.

Sasa hapa kuna jambo la kueleza. Mimi nina ugonjwa. Kila ninapompata mtu kwa pigo, jambo ambalo halitokei mara nyingi, mkono wa kulia unaruka wenyewe juu, ngumi imekazwa, na mguu mmoja unachapa sakafu, kama mfungaji wa goli. Kwenye kendo hiyo ni haramu. Ukishangilia mbele ya waamuzi, pigo lako linafutwa, hata lingekuwa pigo la karne. Aliyepiga anapaswa kurudi nyuma upanga ukiwa tayari, ametulia, na kumheshimu aliyempiga. Mzee Namekawa alikuwa amenigombeza kwa hilo tangu siku ya kwanza.

"Unamshangilia nani? Huyo uliyempiga amekupa kichwa chake ujifunzie. Unamrukia ngoma?"

Lakini asubuhi zile, kichwa kilikuwa changu na furaha ilikuwa yangu pia. Kila alipopiga pigo kamili, mimi niliyepigwa nilirusha ngumi juu kwa niaba yake na kupiga ukelele: "Hilo! Hilo ndilo!" Mwanzoni alinung'unika. Baadaye akawa anangoja. Pigo, ngumi, ukelele. Pigo, ngumi, ukelele. Nilimwona hata anatabasamu ndani ya nondo. Nikajisifu moyoni kwamba nimeuvunja mnyororo. "Mwili haukumbuki ulichoambiwa," ndiyo kauli aliyopenda kuwafundishia watu, "unakumbuka ulichorudia." Niliiandika kwenye simu yangu kabisa, mimi mwenyewe, na haikunipa wasiwasi wowote.

Novemba ikafika. Ukumbi ulijaa watu wa ng'ambo zote mbili, na soksi zao, na harufu ya supu iliyokuwa ikipikwa nje. Mimi nilipigana pambano la pili. Sitalieleza. Muuza mboga alinipa mkono wa pole nikiwa bado natembea kutoka uwanjani.

Wakaingia wazee. Ubukata alikuwa mfupi na mpana, anatembea polepole kwa sababu ya goti, lakini akishika upanga goti lilisahaulika. Mwamuzi mkuu alikuwa Bi Hoshina, yule mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye Namekawa ndiye aliyemfundisha hata namna ya kufunga kamba za kofia. Walipewa dakika tatu. Nilikaa sakafuni karibu na Mama Sadae.

"Hajala asubuhi," akaninong'oneza.

"Atashinda, mama."

"Sikukuuliza. Nakwambia hajala."

Dakika ya kwanza ilikuwa kama miaka yote. Ubukata alisogea, Namekawa akarudi. Ubukata akapiga mkono, akakosa kwa unywele. Nikauona upanga wa Namekawa ukinyanyuka na kusita nusu ya njia. Kisha Ubukata akanyanyua mikono kidogo, kidogo tu, ajiandae kupiga kichwa. Na dobi akaondoka.

Sijui niliseme vipi. Hakuruka. Alikuwa hapa, halafu alikuwa kule, na katikati ukasikika mlio kama mlango wa duka la zamani unapofungwa vizuri. Bendera tatu nyekundu, rangi ya Namekawa, zikapanda kwa pamoja. Ukumbi ukavuta pumzi.

Na Namekawa Yasuji, dobi, mwalimu wa nusu ya mji, akageuka, akarusha ngumi ya kulia juu, akachapa sakafu kwa mguu mmoja, na kupiga ukelele: "Hilo!"

Ngumi ilikuwa bado juu. Nilimwona akiitazama, kama mtu aliyekuta mkono wa mtu mwingine mfukoni mwake. Akaishusha taratibu.

Bi Hoshina alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akawaita waamuzi wenzake katikati, wakanong'ona, wazee wakichuchumaa kila mmoja upande wake. Kisha akarudi mahali pake, akapunga bendera mbili kwa chini, kulia na kushoto, na kwa sauti iliyokatika akasema pigo limefutwa.

"Dhuluma!" Nilikuwa nimesimama. Nililisema kwa Kiswahili, na kwa nguvu zote. "Dhuluma kubwa! Pigo ni pigo!"

Mama Sadae akanivuta suruali. "Kaa chini. Nimeshaaibishwa na mmoja, wawili ni wengi."

Pambano likaendelea. Ubukata alimvamia kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa maji, lakini Namekawa hakurudi nyuma tena. Alizuia, akasukuma, akasimama. Dakika zikaisha hakuna aliyepata kitu. Sare.

Wakati wanavua kofia, mimi nilikuwa njiani kuelekea meza ya waamuzi. Hotuba ilikuwa tayari kichwani. Ilianza na haki ya binadamu na kupanda juu kutoka hapo. Namekawa akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kudai haki yako, mzee."

"Haki yangu iko mezani hapo, wamenipa yote. Hoshina angeniacha, ningemfukuza ukumbini mimi mwenyewe." Akajifuta jasho. "Beba mfuko."

Nikaubeba. Nje, kwenye maegesho, Ubukata alikuwa anangoja kando ya gari lake la tofu, lile dogo la kichwa cheupe, ambalo alikuwa ameshalifuta jina la duka ubavuni. Alimwinamia Namekawa, Namekawa akamwinamia. Kisha Ubukata hakuinuka, akabaki ameinamisha kichwa.

"Yasu, hebu niangalie hapa juu. Pamevimba?"

Namekawa akapasua nywele chache zilizokuwepo kwa vidole, akaangalia kwa makini. "Kidogo."

"Kidogo! Nilivaa kofia ya chuma, mpumbavu wewe." Akainuka. "Umenipata."

"Halikuhesabiwa."

"Halikuhesabiwa, sawa. Umenipata." Akasugua kichwa. "Ila ile ngoma! Wewe? Umeitoa wapi uzeeni?"

Namekawa alinyanyua kidevu tu, kuelekea kwangu.

Ubukata akanigeukia. Akaweka mikono ubavuni, miguu pamoja, na akainama chini kabisa, kama mtu anavyoinama kwa aliyemwokolea mtoto wake.

"Bwana Kondo, nakushukuru kwa moyo wote. Bila wewe ningekwenda Kagoshima nimeshindwa."

Nami nikainama. Ningefanya nini? Niliinama na mfuko begani, na upanga wa mianzi uliokuwa ndani ukanipiga kisogoni.

Wazee walicheka hadi Ubukata akashika mlango wa gari. Kisha kicheko kikaisha. Ubukata akapanda, akawasha gari, akashusha kioo.

"Nimekushinda maisha yangu yote," akasema, akitazama usukani, "halafu nakuacha kwa sare. Nitalalaje kule?"

"Njoo mwakani tumalize."

"Goti halitakubali. Unalijua."

"Basi lala macho."

Ubukata akamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi?" Namekawa akanyoosha kola ya koti lake. "Mimi leo nitalala kama mtoto. Na nguo zako huko, ule mlima wao wa volkano unamwaga majivu kila siku. Utavaa chafu hadi ufe."

"Mbwa wewe," akasema Ubukata kwa upole, na akaondoa gari.

Namekawa aliinama na kubaki ameinama hadi gari dogo likavuka daraja. Mama Sadae akatoka ukumbini na mwavuli na supu kwenye kopo, akampa mumewe, akamwambia anywe, asiongee. Akanywa yote palepale, amesimama. Kisha akanisogelea, akatazama kulia na kushoto kama mwizi.

"Kondo. Mimi sikuliona lile pigo, nilikuwa ndani yake." Sauti ilishuka. "Lilikuwa zuri kiasi gani?"

Nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye bendera tatu aliomba nirudie tangu mwanzo, polepole. Mama Sadae akafungua mwavuli wake na kututangulia, akisema yeye ana mashati ya watu yanayomngoja, na vichaa wakimaliza wapite mlango wa nyuma.