Ndege ya Wekesa na Mkono wa Khocha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya mwezi wa Agosti, nyumbani kwa mjomba wetu karibu na Myanga. Kabla sijakueleza kilichotokea, acha nikutajie waliokuwepo, kwa sababu mmoja hayupo tena duniani na mwingine yuko mbali. Alikuwepo Khocha Wanyama mwenyewe, ndugu ya mama yetu. Kwetu Bungoma mjomba wa upande wa mama ni khocha, na hutamwita kwa jina tupu hata uote mvi. Alikuwepo mkewe, Mama Rispa, Mungu amlaze pema. Alikuwepo mjukuu wao Nanjala, mtoto wa pengo, meno ya mbele yameng'oka juzi tu. Alikuwepo kitinda mimba wetu, Simiyu, kengele za tohara mikononi. Alikuwepo Wekesa anayenifuata mimi, rimoti ikining'inia kifuani. Na nilikuwepo mimi, Nafula, kifungua mimba wa nyumba isiyo na baba wala mama. Waliobaki walikuwa majirani na waimbaji, nao walijaza njia yote.

Wazazi wetu walifuatana kaburini tukiwa wadogo. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikashika cherehani ya mama pale Kitale, nikawa nashona sare za watoto ambao bado walikuwa wanasoma. Silalamiki. Wadogo zangu walikula, wakavaa, wakasoma. Lakini mtoto anayelelewa na mtoto mwenzake huwa na njaa nyingine isiyoshibishwa na ugali, na kila mmoja wetu aliitafutia dawa yake. Dawa ya Wekesa ilikuwa kurusha ndege ndogo za rimoti.

Alianza na ile sponji ngumu nyeupe, nyepesi, inayowekwa ndani ya katoni za televisheni ili zisivunjike. Aliikata mabawa kwa kisu cha moto, akaibandika kwa gundi, akaitia injini ndogo ya betri na propela puani. Mabawa yake yalikuwa marefu kama mikono yangu nikiinyoosha. Mara ya kwanza ilipopaa, sikushona tena siku hiyo.

Nje ya mji kulikuwa na mkulima mmoja aliyewaachia vijana shamba lake baada ya mahindi kuvunwa, nao walikuwa wanakutana pale Jumapili baada ya kanisa. Nilidhani ni mchezo. Kumbe ulikuwa mchezo wenye adabu kuliko nyumba nyingi ninazozijua. Walichora mstari kwa jivu, na hakuna aliyekaa mbele yake isipokuwa aliyekuwa akirusha. Waliwasha rimoti kwanza, kisha ndipo wakaunga betri ya ndege, na kabla ya kuunga, mwenye ndege alitangaza kwa sauti. Wakati wa kufunga kazi waligeuza: betri ilitoka kwanza, rimoti ikazimwa mwisho. Hawakurusha upande wa barabara, wala upande wa nyaya za stima, wala popote karibu na uwanja ambapo ndege za watu hutua. Aliyetoka kilabuni kunywa pombe hakugusa rimoti hata kama ndege ilikuwa yake.

Na walikuwa na sheria moja iliyonifanya niwe sehemu yao. Hakuna aliyerusha peke yake. Mrushaji haondoi macho kwenye ndege, kwa hiyo lazima pawe na mtu kando yake wa kuangalia yale mengine yote: watu, ng'ombe, wingu linalokuja, mtoto anayekimbilia mpira. Wekesa alinichagua mimi. Wanawake wa soko walinicheka. "Fundi, umeacha cherehani, sasa unalinda mwewe?" Nikawaambia mwewe huyu hali vifaranga, anakula betri tu.

Tulikuwa na neno letu. Nikiona mtu ameingia chini ya ndege, nilisema, "Watu," kwa sauti ya kawaida, na Wekesa aliigeuza upande ulio mtupu bila kuuliza. Hata kama alikuwa katikati ya raha yake, aligeuza. Mwanangu, sijui kama utanielewa, lakini Jumapili zile ndizo zilizokuwa baba na mama yangu. Tulisimama bega kwa bega, yeye macho juu, mimi macho chini, na baina yetu hapakuwa na kitu kilichoweza kutupita. Mpaka leo upepo wa Januari ukipita juu ya mabua makavu, mimi hugeuza shingo kumtafuta kando yangu.

Sasa nikurudishe Myanga. Unajua desturi yetu. Mvulana anayejiandaa kwa tohara huenda kwa khocha wake akicheza kengele, na khocha humchinjia na kumvika nyama shingoni, iwe ishara kwamba ukoo wa mama umemkubali. Kwa mtoto mwenye wazazi hiyo ni hatua moja kati ya nyingi. Kwa yatima ni kama hukumu, kwa maana asipopokelewa pale, nani mwingine atasimama? Simiyu hakulala vizuri wiki nzima. Na Wekesa, ili kumtia moyo, alimwahidi jambo. Alimwambia, "Wenzako watasindikizwa na baba zao. Wewe utasindikizwa na ndege."

Khocha Wanyama alitupokea kama tulivyotamani. Alitoka na litungu lake, kile chombo cha nyuzi ambacho wazee wetu hukikumbatia wakipiga, akapiga wimbo alioupiga siku mama yetu alipoolewa. Nilikuwa sijawahi kuusikia. Vidole vyake vilitembea juu ya nyuzi kama kuku wanaodonoa mtama, harakaharaka na bila kukosea, na Mama Rispa akaninong'oneza kwamba mama alikuwa akilia kila ukipigwa. Nikalia na mimi, nikiwa nimeshika betri ya ndege kwenye kitambaa.

Baada ya nyama tukatoka njiani na Wekesa akarusha. Kwanza alirusha vizuri, juu ya malisho, mbali na watu. Umati ukapenda, halafu ukachoka kupenda kwa mbali. Mmoja wa waimbaji akapaza sauti, "Reta chini tuione, bana. Ama ni ya kuogopa watu?" Wakacheka. Mwingine akasema ati hiyo si ndege, ni karatasi ya unga. Simiyu aligeuka akamtazama kaka yake, kengele zimenyamaza, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayeomba asiaibishwe siku yake.

Wekesa akaileta chini, juu ya njia.

Nikasema, "Watu."

Akanijibu bila kunitazama, "Dada, leo tu."

Nikanyamaza. Niliona uso wa Simiyu, nikaona furaha ya watu, nikajiambia nimeshasema.

Alipunguza mwendo ili waione vizuri. Ndege ndogo ukiipunguza mwendo kupita kiasi hupoteza nguvu ya kukaa hewani, na ukiikatisha kona wakati huo, bawa moja huzama. Ndivyo ilivyokuwa. Ilikata kona, ikazama, ikashuka kwa pua kuelekea pale Nanjala alipokuwa amechomoka kwa bibi yake, mikono juu, akidhani inakuja kumsalimia. Hapo palikuwa na jambo moja la kufanya, nalo Wekesa alilijua vizuri: kuzima injini, propela isimame, ndege ianguke ikiwa kipande cha sponji tu. Lakini aliitengeneza kwa mikono yake miezi mingi. Badala ya kuzima, alisukuma nguvu yote ili aiinue.

Khocha Wanyama alitupa litungu na kutia mkono wake mbele ya uso wa mtoto. Propela ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zote ilizoongezewa.

Nanjala hakuguswa. Khocha alikatwa kiganjani na vidoleni, na damu ikaingia kwenye mkono wa shati alilovaa kwa heshima yetu. Kule hospitalini walishona nyama, lakini mishipa inayokunja vidole viwili haikurudi kama zamani. Alishika jembe tena. Alishika kikombe. Litungu hakulishika tena.

Mchuma janga hula na wa kwao. Tulimrudia na mbuzi, sisi watatu, tukapiga magoti. Simiyu alikuwa ameshapona tohara yake, amekuwa mwanamume. Khocha alimkataa mbuzi. Hakumkemea Wekesa hata neno moja. Alimshika bega kwa ule mkono mzima akamwambia aende akawasalimie ng'ombe. Simiyu akamfuata. Akanibakiza mimi.

"Nafula," akaniuliza, "wewe uliona?"

"Niliona, Khocha."

"Ukasema?"

"Nilisema. Mara moja."

Akaitazama bandeji yake. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayepanga kuni, "Mara ya kwanza mtu husema ili ajisafishe. Mara ya pili ndiyo ya kuokoa. Wewe ni mkubwa, mama. Mkubwa husema mara ya pili."

Sijawahi kupigwa na fimbo iliyoniuma namna ile, na hakuinua sauti.

Ndipo nikamuuliza tutamlipa nini. Alicheka kidogo. Alisema, "Dawa ya deni ni kulipa, lakini si kwa mbuzi. Siku ile nilitazama mtoto, sikuitazama ndege. Mwambie Wekesa aje anirushie, vile mnavyorusha huko kwenu Kitale. Nikae kwenye kiti changu, nyuma ya mstari wenu wa jivu. Nione ni kitu gani kimechukua vidole vyangu, na kama ni kizuri, nitasema ni kizuri."

Nilimpelekea Wekesa ujumbe ule, neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameinama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikamwambia, na bawa lililovunjika siku ile mimi mwenyewe nililibandika nikalifunika kwa kitambaa cha sare kilichobaki, rangi ya samawati. Lakini hakuigusa ndege. Mwaka uliofuata alipata kazi Uarabuni akaenda. Hupiga simu, huuliza cherehani, huuliza mvua. Ndege haulizi. Mimi pia sijaitaja, kwa kuogopa kwamba atakata simu na nisisikie sauti yake mpaka Krismasi.

Kwa hiyo, mwanangu, unayekuja dukani kwangu leo na katoni kwapani, ukitaka nikuonyeshe jinsi Wekesa alivyokata mabawa yake, nitakuonyesha. Chai nitakupa pia. Lakini sikia kwanza, kwa maana majuto ni mjukuu na mimi nimekwisha kumlea mjukuu huyo.

Usirushe juu ya mtu, hata mtu huyo akikuomba. Hasa akikuomba. Umati haujui unachoomba. Umati unaomba kufurahi, na ukiumia utakuuliza wewe. Harusi, tohara, mchezo wa shule, siku ya kutawazwa mchungaji, zote ziache zipite bila ndege yako juu yake. Kama unataka kumheshimu ndugu yako, mwalike aje uwanjani, akae nyuma ya mstari, arudi nyumbani na vidole vyote.

Kabla ya kupaa, waulize wenye mamlaka ya anga kama unaruhusiwa pale ulipo, na umwombe mwenye shamba, na upime upepo kwa kipande cha uzi. Kagua kila skrubu kama ninavyokagua sindano kabla ya kukanyaga pedali. Propela hata ikiwa imesimama, ihesabu kuwa inazunguka. Usiilaze upande wa uso wako. Ndege iangukapo, usiitetee. Zima. Sponji iko dukani, gundi iko dukani, na mikono iliyotengeneza ya kwanza itatengeneza ya pili. Kidole hakiuzwi Kitale wala Bungoma.

Na usirushe peke yako. Tafuta mtu wa kusimama kando yako, anayekupenda kiasi cha kukuudhi. Akisema "Watu," geuza, halafu ndipo umuulize. Na siku utakaposimama wewe kando ya mwenzako, ukasema asisikie, usijiambie umeshasema. Sema tena. Shika mkono wake ikibidi, mbele ya wote, aibu imfike. Aibu hupona.

Nakuombea upepo wa usoni wakati wa kupaa na uwanja mtupu wakati wa kutua. Nakuombea kila unachokiachilia kikurudie bila damu. Na Mungu akujalie mtu wa kukwambia mara ya pili, maana wa kukwambia mara ya kwanza ni wengi.

Mwezi uliopita nilikwenda Myanga. Nanjala amekuwa mama sasa. Yeye ndiye anayemwogesha Khocha. Macho ya mzee yameanza kuingia ukungu, na daktari anasema hayatarudi. Litungu linaning'inia ukutani, nyuzi zimelegezwa ili lisipinde. Jioni alitoa kiti chake nje, akakielekeza upande wa malisho, kama afanyavyo kila nikija, akaniuliza, "Wekesa amefika wapi?"

Nikamwambia yuko njiani, Khocha. Kisha nikatoka nyuma ya jiko nikampigia Wekesa, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nikalitaja lile neno, ndege. Nikamwambia macho ya Khocha yanakwenda. Akasema, "Nimesikia, Dada."

Kesho nitampigia tena.