Sukari ya Bibi

Tulihitaji tangi la maji. Kwa usahihi zaidi, mama ndiye aliyelihitaji, kwa sababu bomba la kijiji liko bondeni na ndoo ilikaa kichwani kwake, si kwetu. Baba akaitisha kikao cha familia. Alisema kubana matumizi ni kazi ya kila mtu.

Nilipendekeza tuuze dume la ng'ombe alilolinunua baba mnadani Basotu, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kutazamwa.

"Lile halina mnunuzi," alisema. "Tuongelee sukari."

Sukari ikafutwa. Hapa Gitting upepo wa mlimani hupita hadi chini ya mlango, na chai isiyo na sukari ni maji ya moto yenye rangi.

Jioni iliyofuata nilikumbuka kwamba sijamsalimia bibi, mama yake baba, anayeishi ng'ambo ya shamba letu. Nilimkuta dada yangu ameshakaa jikoni kwake, naye kaja kusalimia. Tukiwa kwenye kikombe cha pili, baba aliingia.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuangalia paa."

"Marahaba. Paa lina nini?"

Baba alilitazama paa, kisha akapokea kikombe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Tangu siku ile tukawa familia inayojali wazee kuliko zote kijijini.

Mama hakuja. Alikuwa bombani.

Mwisho bibi ndiye aliyekuja kwetu, kopo tupu mkononi. Sukari yake hununuliwa na baba kila mwezi, na mwezi ulikuwa haujafika nusu.

"Mwanangu, sukari ya siku hizi inayeyukia koponi. Au hapa kwenu chai imekatazwa?"

Mama alitutazama mmoja mmoja.

"Kumbe nimebana matumizi peke yangu," alisema. "Basi, waliokunywa ndio watakaochota maji."

"Watoto, mmesikia," baba alisema.

"Na wewe ulikunywa," bibi akamwambia. "Tena vikombe viwili viwili."

Asubuhi zamu ya baba ilipofika, alidamka mapema na baiskeli ili asionekane. Lakini bombani kulikuwa na foleni. Alipokuwa akipanda kilima akisukuma madumu, watoto walikuwa wakishuka kwenda shule. Kwetu mtoto hampiti mtu mzima bila salamu, wala mtu mzima hapiti bila kuitikia.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo."

"Marahaba."

Darasa zima likapita hivyo. Nyuma yao akaja mzee wa rika lake.

"Mama watoto anaumwa?"

"Hapana, mzima."

"Ahaa," yule mzee alisema, akaendelea na safari yake.

Mnada wa Katesh uliofuata, lile dume lilipata mnunuzi.

Tangi sasa limesimama kando ya jiko. Wageni wakiuliza, baba huwaeleza kwamba limetokana na sukari. Mama huwamiminia chai, anawasogezea kopo la sukari, wala hambishii.