Chupa ya Chai Bondeni

Mtu akiingia sebuleni kwangu leo, kitu cha kwanza kuona ni diploma yangu ya usimamizi wa maghala, niliyoipata Buffalo nikiondoa theluji kwenye maegesho alfajiri na kuingia darasani suruali ikiwa bado imelowa magotini. Cha pili ni picha ya mke wangu amekaa juu ya jiwe jekundu, ameshika kifuniko cha chupa ya chai. Wageni huuliza kuhusu picha. Diploma hawaiulizii, kwa hiyo huanza nayo mwenyewe.

Marekani sikupewa kitu na mtu. Kutoka Buffalo tulihamia Columbus, tukapanga kule Reynoldsburg, na ghala nililoingia kama mpakiaji nikaliacha nikiwa msimamizi wa zamu. Kisha Louisville, kwenye viwanda vya Jeffersontown, ambako watu waliosoma kunizidi walingoja niwape maagizo. Lakini kila mji, nikishauzoea, miguu huanza kuniwasha. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa na njia yake ya kujua. Akiniona nimefungua milango yote minne ya gari na kutoa mazulia ili niyaoshe, huenda jikoni kutafuta magazeti ya kufungia vyombo.

Siku aliponiona naosha mazulia Louisville, alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, akauliza safari hii ni mji gani. Nikamwambia si mji, ni likizo: tunakwenda Arizona, kuona lile bonde la jangwani lililo hifadhi ya taifa. Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili nilimpa tukiwa barabarani. Nilitaka turudi Kenya, moja kwa moja. Nyumba niliyokuwa nikiijenga kule ilikuwa imeshaezekwa.

Hakukataa, wala hakukubali. Alisema anafikiria, akageukia dirisha. Mimi sijui kungoja. Nilibadilisha stesheni za redio, nikasimama kwenye vituo vya mafuta bila haja ya mafuta, nikakagua magurudumu yasiyo na tatizo. Mwishowe nikamwambia tukifika mtoni, chini kabisa ya bonde, anipe jibu lake.

"Na tusipofika?"

"Mimi sijawahi kuishia njiani."

Ukingoni kuna kibao kinachoonya watu wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku hiyohiyo. Nilikisoma nikacheka. Mimi ni mtoto wa Mlima Kenya, nimepanda mlima tangu shule ya upili. Siku ile niliipanga kama tunavyopanga mlima: jasho na maji mengi mwanzoni, kwa sababu nusu ya pili ni ya kuteremka tu. Huu ulikuwa mlima uliogeuzwa, na hesabu yangu sikuigeuza. Tulishuka mbio, tukawapita Wazungu wenye fimbo, maji tukinywa bila kuyahurumia, na kila kona ikaleta joto zaidi, kama mtu anayesogelea mlango wa tanuri. Mto ulionekana mara moja tu, mwembamba kama uzi wa kahawia, ukapotea.

Kwenye kona moja mke wangu akakaa juu ya jiwe.

"Mzee, mimi nimefika."

Nikamwambia mto ule pale. Hakuutazama. Basi nitakwenda peke yangu, nikasema, na kweli nikaenda, kona moja, kisha nyingine. Mto haukusogea. Hakukuwa na mtu wa kuniona nikifika, na chupa yangu ya maji ilikuwa nyepesi mkononi. Nilisimama nikihamisha uzito mguu huu na ule, nikitaka kushuka na nikitaka kupanda. Kisha nikarudi.

Maji yake yalikuwa yamebaki kidogo, akayaweka ya njiani. Kilichojaa ni chupa yake ya chai yenye michoro ya maua, chai ya maziwa na tangawizi aliyoipika hotelini kwa sufuria ya umeme aliyotoka nayo Louisville, maana kwetu mtu hasafiri bila chai. Tuliinywa juani, ya moto, tukipokezana kifuniko. Mzungu mmoja aliyekuwa akipanda alitutazama kana kwamba tumepungukiwa na akili. Mke wangu akamkaribisha. Alikataa kwa adabu. Nikapiga picha, ili tu mikono isikae bure.

"Jibu langu hujanipa," nikasema.

"Mtoni hujafika." Akajimiminia tena, akanywa bila haraka. "Nyumbani nitarudi. Lakini huko nikikaa, nimekaa. Usije ukaniletea mji mwingine. Hata Nakuru."

"Hata Nakuru?"

"Hata Nakuru, mzee. Inuka. Twende polepole, mimi mbele."

Alitangulia. Kila penye kivuli alisimama, nami nyuma yake nikitikisa goti. Tulitoka juu jua likizama, na nasema tulitoka kwa miguu yetu wenyewe, jambo ambalo si kila mtu aliyeshuka siku ile angeweza kulisema.

Sasa tuko Kenya, nina ghala langu, na wafanyakazi wanaosimama nikiingia. Jumamosi iliyopita nilifungua milango minne ya gari, nikatoa mazulia. Yalikuwa na matope ya mvua, basi. Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na ile chupa ya maua miguuni. Hakuuliza ni mji gani. Alijimiminia chai, akanitazama juu ya kifuniko.

Niliyaanika mazulia kwenye ua, nikaenda kutafuta kikombe changu.