Shanga Zilizokwisha Kuuzwa

Sisi watu wa Kilwa tuna kiburi cha bure. Mtaje tajiri mbele yetu, tutakwambia habari za sultani wetu wa kale, aliyejenga jumba juu ya mwamba na birika la kuogea lenye pembe nane, enzi ambazo dhahabu ya bara haikupita pwani bila yeye kuchukua chake. Yeoville, mtaa wa Johannesburg nilikokuwa nashona nguo, niliwachosha majirani wote na sultani huyo.

Aliyechoka zaidi ni binti yangu wa miaka sita. Alizaliwa hapa hapa. Kiswahili alikisikia vizuri, ila kukisema, abadani. Nikimwambia mkataa kwao mtumwa, ananijibu kwa Kiingereza. Kila Jumamosi mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani, akitaka japo neno moja la mjukuu, na mtoto alicheka tu. Iliniuma sana, maana mama alikuwa anazeeka.

Mwisho wa mwaka 2016, msusi wa saluni ya jirani, mama wa Kikongo, alinionyesha kikopo cha shanga.

"Mama Kilwa, angaliya hizi perles. Njo za zamani. Zitamupendeza mutoto."

Nilizijua papo hapo. Ndogo, nyekundu ya udongo, nyingine kijani kizito. Kwetu mvua ikinyesha huibuka kwenye magofu ya lile jumba. Bibi yangu alitufundisha: piga hodi kabla ya kuingia, na ulichookota ukirudishe kabla ya magharibi, kina mwenyewe. Lakini furaha ilinizidi. Niliona kwetu kumenifuata, na mtu hapigi hodi kwake. Nikamwambia msusi azifunge kwenye ncha za nywele za mtoto.

Jumamosi mchana mawingu yakatanda juu ya kilima cha Observatory, radi ikaanza. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, mimi napiga pasi.

"Hodi."

Nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu.

"Hodi, wenyewe."

Ilitoka kwenye kochi. Macho ya binti yangu yalikuwa yamefumba, midomo ndiyo iliyocheza.

"Karibu, mwanangu," nikasema, moyo unanidunda kwa furaha.

Akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mtu mzima asiye na haraka. "Hatukuja kukaa. Wenu walichukua dhahabu, sisi tukachukua shanga. Biashara ilikwisha. Mbona mmezirudia?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama mtungi. Pasi niliiacha hapo hapo, ikaunguza gauni la mteja, nikambeba mtoto kwenye mvua hadi saluni.

"Hizi shanga umezitoa wapi?"

"Muteja wa Limpopo njo aliniletea," msusi akasema. "Babu yake alizikuta mu shamba, karibu na kile kilima walizika bafalme ba zamani na zahabu yabo."

Kumbe hazikuwa zetu. Zilipita tu mikononi mwetu, zikauzwa, zikavaliwa na wafalme wenye dhahabu yao, zikazikwa nao.

"Nitamurudishia zote, azifukie," akasema, tayari ameshika mkasi. Tukafumua pamoja, yeye akimwita Yesu, mimi nasoma Ayatul Kursi. Ulibaki msuko mmoja simu yangu ilipoita. Mama. Nikaipokea kwenye spika, nimwambie apige baadaye.

"Shikamoo, bibi," akasema mtoto, macho yamefumba. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kitoto. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani.

Mama alipiga kigelegele. "Marahaba, mjukuu wangu! Marahaba! Sema tena!"

Msusi alinitazama, mkasi uko kwenye uzi wa mwisho. Wallahi, nilitamani kumwambia angoje. Hata neno moja tu.

"Kata," nikasema.

Mtoto alifumbua macho, mikono ikaanza kupata moto, akaniomba mkate kwa Kiingereza. Nikamkumbatia, nikalia.

"Haloo?" mama aliita simuni. "Haloo? Mbona kimya? Mjukuu wangu amekwenda wapi?"