Viwavi Wamegoma Kufa, na Mshenga Wangu Ndiye Muuza Dawa

Admin, jina langu lifunike kabisa, maana Waswahili wa Birmingham tunajuana hadi rangi za mapazia. Nina miaka ishirini na nne, kijana wa Kitanzania, napanga mizigo kwenye ghala pale Nechells. Shule niliiachia njiani, lakini sura Mungu hakuninyima, na maneno ndiyo kabisa. Wanaonijua wakisoma hapa watacheka. Chekeni tu, ila mkimaliza mnisaidie, kwa sababu safari hii mdomo wangu mwenyewe umefungwa kamba.

Nimechumbia binti wa Washwood Heath, mzuri kuliko dada zenu wote, msinune. Baba yake ni mtu wa mila. Kwao anayetaka mke hulima kwanza shamba la mkwe, na kwa kuwa huku shamba hana, nikapewa kiploti anachokodi kwa kaunsili ya mji, kando ya reli. Sukuma wiki za karamu ya harusi zitoke pale, kwa jasho langu. Sharti la pili ndilo linaloninyonga: mpaka ndoa ifungwe, mimi na mkwe ni salamu tu. Nikimwona, "Shikamoo Baba," anaitikia marahaba, macho yangu chini, napita. Mengine yote yapelekwe na mshenga. Kuna jamaa aliyeposa kabla yangu, alimjibu mzee ana kwa ana siku moja tu, akarudishiwa posa yake kabla ya magharibi.

Mwanzo wa kiangazi sukuma zangu zilistawi, mtu angedhani nimezaliwa na jembe mkononi. Kisha wakaja viwavi. Wadogo, wembamba, kijani. Ukimgusa mmoja anajinyonganyonga, anajiangusha na uzi wake kama ninja. Wanakula jani wanabakiza ngozi nyembamba, unaona upande wa pili kama kioo. Mshenga akasema nisihangaike, dawa anayo. Huileta mwenyewe kwenye begi kila akitoka nyumbani Tanzania, huwauzia wenye viploti wote. Nikapuliza. Mara ya kwanza walikufa wengi, nikatamba hadi nje ya msikiti, nikajiita Daktari wa Sukuma. Wakarudi. Nikapuliza tena, wakarudi wengi zaidi. Mshenga akasema ongeza kifuniko kimoja, nikaongeza. Mikono ikaanza kuniwasha, viwavi wakanenepa. Buibui na nyigu waliokuwa wakiwawinda ndio waliotoweka. Hao dawa iliwaweza.

Jirani yangu wa ploti ni mama wa Kikongo aliyewahi kulima kabichi kwao Kivu. Siku moja aliegemea jembe lake akanitazama ninavyohangaika na bomba mgongoni.

"Mutoto yangu," akasema, "bile bidudu bilishazoea dawa. Unabipatia muchuzi tu."

Nikamtania kwamba yeye anaozesha mboga, maana zake amezivika shela, mapazia ya neti aliyonunua duka la mitumba. Akacheka sana. Lakini majani yake mazima, yangu nyavu.

Ubishi ukaniwasha kuliko mikono. Nikachovya jani kwenye dawa ya mshenga, nzito vilevile bila maji, nikaliacha likauke, nikalitia kwenye chupa ya jamu pamoja na viwavi wachache. Kesho yake nilipotoka kazini walikuwa wamelitoboa na kulinyea juu. Hapo ndipo akili iliponiingia. Kila nikipuliza, wanyonge wanakufa, wababe wanabaki, wanaoana wao kwa wao, na watoto wanazaliwa na ubabe uleule. Na wanaoana bila mshenga.

Wiki iliyopita nikampelekea mshenga chupa yangu ya jamu. Nikamwomba kwa adabu zote amwambie mzee kuwa dawa imeshindwa, kwamba sukuma hizi zilizolowa sumu tuzing'oe, za harusi tununue sokoni, na msimu ujao tupande chini ya neti. Akaitazama chupa, akanirudishia, akaniwekea mkono begani. "Sawa mwanangu, nitafikisha."

Akafikisha kweli. Mchumba wangu akanipigia, kwa Kiingereza kama kawaida yao waliozaliwa huku, akiuliza kwa nini nimeagiza dawa kali zaidi. Baba yake amefurahia bidii yangu na ameshailipia.

Nikamweleza ukweli, nikamsihi aongee na baba yake. Alijaribu, masikini. Mzee alimjibu kwamba maneno ya posa hayapiti kwa bibi harusi, na mwanaume anayemtuma binti amtetee kabla ya kumwoa, akishamwoa atamtuma nini? Akanipigia analia. Akasema nivumilie, nipulize tu, kila mgeni atakula kidogo. Simu ilipokatika, kichwani nikawaona watoto wakipakuliwa zile sukuma kwenye harusi yangu.

Jana mshenga kaniletea dawa mpya chumbani, haina hata karatasi ya maelezo. Ujumbe wa mzee ni huu: Jumamosi nipulize ya mwisho, wageni wasione kiwavi kwenye sahani. Jumapili asubuhi akina mama wavune, mchana ndoa. Nikamwambia sipulizi. Akatabasamu. "Sasa hilo, mwanangu, nani atampelekea mkwe wako?"

Alipoondoka nikahesabu njia zangu. Nikiongea na mzee mwenyewe, sina adabu, na mke sina. Nikitaka mshenga mwingine, atakayepeleka ombi hilo ni yeye huyuhuyu. Nikinyamaza, nawalisha sumu watu wanaokuja kuniombea dua.

Leo Alhamisi. Naandika kutoka intaneti kafe, bomba nimeliacha nyuma ya mlango wa chumba changu, chini ya suti ya harusi. Nyie wenye wakwe, na nyie mliowahi kupuliza dawa shambani, nipeni neno, hata la kunitukana nitalipokea. Jumamosi nishike bomba, au nimfuate mzee na chupa yangu ya jamu, nimtazame machoni, nikose vyote?