Mguu wa Kushoto wa Masatu

Saa nne asubuhi, Kabasa, mjini Bunda. Umeme umerudi baada ya kukatika tangu alfajiri, na Jabiri Hamduni ameshavuta kiti mbele ya kompyuta. Kwenye kioo kuna kijana wa Nyamuswa ameganda hewani, kichwa chake kimegusa mpira, na mpira wenyewe haujui uende wapi. Jabiri anaandika maelekezo kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, anabonyeza, anasubiri. Baada ya muda kijana anatua, mpira unatikisa nyavu, na nyuma yake mashabiki wanarukaruka.

"Siku ile mpira ulipita juu," anasema Jabiri bila kucheka. "Ila mwenyewe kaomba uingie. Ni status yake, nimkatalie kwa nini?"

Ndiyo kazi yake hiyo. Kwa miaka mingi amepiga picha za harusi, za mahafali na za kila ligi ya kugombea mbuzi iliyochezwa kati ya Bunda na Kisorya. Kisha simu zikamla. Kila mchezaji akapata rafiki mwenye simu kali kuliko kamera ya Jabiri, na studio ikabaki na picha za pasipoti.

Akili mnemba ndiyo iliyomrudishia wateja. Picha mnato moja inageuka video ya sekunde tano kwa shilingi elfu tatu, na wiki yenye mechi nzuri kodi ya chumba haimsumbui.

Ukipita mlangoni utadhani ni kazi ya raha tupu. Lakini mwenyewe anasema tangu Aprili mwaka huu haifanyi kwa moyo uleule, na anamtaja mama mmoja aliyeshuka kwenye gari la Kisorya akiwa na picha aliyoizungushia kitenge.

Picha hiyo alikuwa ameipiga Jabiri mwenyewe. Ni ya Masatu, mlinda mlango wa timu ya vijana ya Kisorya, dakika chache baada ya kupangua penalti. Anatoka golini, mpira kwapani, anamtazama mpiga picha na kutabasamu. Mwezi Februari malaria ilimpanda kichwani, na hospitalini hakumaliza hata siku mbili. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Nimesikia unafanyaga picha zinatembea," Marcelina, mama yake, alimwambia Jabiri. "Basi nitembezee huyu, baba. Aje kwangu. Kidogo tu."

Jabiri alikataa pesa yake, akakaa chini kufanya kazi kwa roho yote. Video ilipokamilika, jezi ya Masatu ilipepea, nyasi zikalala chini ya viatu vyake, naye akaja mbio mpaka karibu kabisa, mwepesi, uso ni wake mwenyewe. Jabiri anakiri kwamba alijisikia fahari. Alishajiandaa kupokea baraka za mama mtu mzima.

Marcelina aliangalia mara ya kwanza, akaangalia mara ya pili, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya meza.

"Umemponya," alisema. "Mwanangu alikuwaga hatembei hivi."

Masatu alikuwa akichechemea. Alipokuwa na miaka tisa alitumwa kupeleka dagaa, akaanguka na baiskeli na mguu wa kushoto ukavunjika. Marcelina hakuwa na nauli ya kumfikisha Bunda, hivyo mguu ulifungwa kienyeji na mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo mama huyo alimtambua mwanaye kwa hatua zake, kabla hajaingia uani. Sasa picha mnato haichechemei. Mashine ilimwona kijana mzima, ikampa miguu mizima.

"Mguu ule mimi ndiye niliuharibu," Marcelina alimwambia. "Halafu leo anakuja amenyooka, kama vile hakulelewa na mimi? Huyo simjui."

Jabiri alipobaki peke yake alijaribu tena na tena kuiambia mashine kwamba kijana anachechemea. Mara ikampa Masatu magongo, mara ikamwangusha ameshika goti kama aliyechezewa rafu. Iliyokaribia ukweli ilimchechemeza kwa mguu wa kulia. Video za mechi zilizokuwa kwenye simu za watu hazikusaidia, kwani kila aliyerekodi alifuata mpira, na golikipa alionekana kidogo tu, mbali, amesimama.

Ilibaki njia moja. Mashine inaweza kuazima mwendo wa mtu aliye hai na kuivika picha. Tatizo likawa ni nani aliyeujua mwendo wa Masatu.

Jabiri alikwenda Kisorya kuwauliza wachezaji wenzake. Walitazamana, kisha wote wakamgeukia Pastory, beki aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu.

"Nilikuwaga namwigiza kila tukimaliza mazoezi," Pastory anasimulia. "Watu wanacheka mpaka wanalala chini. Na yeye mwenyewe anacheka. Sasa kule msibani nilikuwa namkwepa mama yake. Nilionaga kama anajua."

Uwanjani, Pastory alipewa mpira akauweka kwapani, akaanza kutembea kutoka golini kumfuata Jabiri aliyekuwa akimrekodi. Mara ya kwanza mmoja wa wenzake alicheka, kwa mazoea tu. Mara ya pili Pastory hakufika katikati ya njia, alichuchumaa akajifunika uso kwa jezi. Walimwacha mpaka akanyamaza. Mara ya tatu alifika.

Jioni ileile Jabiri alifanya kazi hukohuko, kwa kompyuta mpakato, na kesho yake yeye na Pastory wakaenda nyumbani kwa Marcelina. Mama alitazama video huku mkono wake mmoja ukipapasa paja lake la kushoto.

"Ndiye," alisema. Baadaye akauliza miguu ile imetoka kwa nani.

Pastory alipiga magoti. "Ni mimi, mama. Unisamehe. Nilikuwaga namwigiza kuchekesha watu."

Marcelina alimshika kichwa, akakaa naye hivyo kwa muda mrefu.

"Kumbe mlikuwaga mnamwangalia vizuri," alisema.

Jabiri alitoka nje akaenda kusimama barabarani. Anasema hakulia hata alipomzika baba yake, lakini siku hiyo alilia, na wapita njia wakamsalimia hivyohivyo.

Tangu hapo, anayemletea picha ya marehemu anaulizwa kwanza alikuwaga anatembeaje. Wengi wanakumbuka sauti na chakula alichopenda, lakini mwendo hawaukumbuki, na wengine huondoka na picha zao wakiwa na uchungu zaidi kuliko walivyokuja.

Ijumaa hii, akitoka msikitini, Jabiri atafunga studio, atachukua kamera na kwenda Musoma, Kamunyonge, kwa mama yake, Bi. Mwanaharusi, ambaye magoti yameanza kumsumbua.

"Nitamwambia tu atoke jikoni aje mpaka mlangoni," anasema. "Atanigombeza, ataona mwanaye kachanganyikiwa. Anigombeze tu. Nataka niwahi wakati bado anatembea mwenyewe."