Bendera Niliyoichoma Kwenye Jiko la Baba Zuhura

Mwenye ukurasa, nakuomba unifichie jina, hata namba ya nyumba usiitaje, mtaa wa Jericho, Nairobi, inatosha. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina watoto wawili, na ni fundi wa nguo. Naandika mlango nikiwa nimeutia komeo ingawa ni saa nane mchana.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu mmoja aliniletea oda ya bendera sita za taifa. Nimezoea sare za shule na mashuka, lakini kazi ni kazi. Moja niliishona nikiwa nimechoka, nikaweka kijani juu, nyeusi chini, na ngao ya katikati mikuki ikitazama juu, hata kuigeuza hakusaidii. Woi! Na siasa za siku hizi, bendera kichwa chini miguu juu kwa mtu wa kabila langu, nani angeamini ni uchovu? Hata kuifumua na kuishona upya niliogopa, maana cherehani yangu iko barazani na kila mpita njia ana macho.

Sisi mafundi vitambaa vilivyobaki hatuvitupi. Kila asubuhi navipeleka kwa jirani yangu Baba Zuhura, anayeuza chai na mahamri nyuma ya nyumba zetu, anawashia jiko, na mimi nachota makaa ya pasi yangu. Basi asubuhi moja niliikata ile bendera vipande ndani ya nyumba, nikaenda kuvisukumia ndani ya jiko lake kama kawaida, nikachota makaa nikaondoka. Nilijua vimeungua vyote.

Havikuungua. Kijana mmoja aliyeinama kuwasha sigara akaiona ngao ndani ya majivu. Akapiga kelele, "Mnaona hawa watu? Wanachoma bendera yetu!" Baba Zuhura alizaliwa hapa hapa Nairobi, lakini wazazi wake walitoka ng'ambo ya mpaka, na yeye mdomo hajui kuufunga. Akimimina chai husema, "Serikali si ni yetu? Kwani tukiisema itakufa?" Siku ile maneno hayo ndiyo yalimponza. "Rudi kwenu!" walimwambia, wakimpiga na viti vyake mwenyewe mpaka kanzu ikapasuka. Mimi nilikuwa dirishani. Sikutoka nje. Askari walipofika walimchukua yeye, na waliompiga wakabaki pale wakimalizia chai yake. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kitu.

Nilipomweleza mume wangu alifunga dirisha kwanza. Akasema, "Ukienda kusema, hawatakuamini ulikosea kushona. Watakufunga. Una watoto, mama. Nyamaza kabisa." Sasa nasikia kuna watu wanapita kwa mafundi wakiuliza nani alishona bendera, na mwalimu mkuu ananijua. Mteja akileta suruali ya kufupishwa namwona askari. Viatu vikilia nje, nachungulia kwenye pengo la pazia. Naogopa jamani, naogopa mpaka nimeacha kula.

Jana Mama Zuhura, mke wa huyo jirani, alibisha. Nilidhani amejua. Kumbe alikuwa ameleta ile kanzu iliyopasuka, aliyorudishiwa kituoni.

"Dadangu, nishonee hii. Kesi ni mwezi ujao, nataka asimame mbele ya hakimu akiwa nadhifu. Na wewe uje, useme unamjua, si mtu wa fujo."

Nikamjibu nitakuja. Sijui nilisemaje hivyo.

Alipofika mlangoni akageuka. "Mbona siku hizi huji kuchukua makaa? Mimi bado nakuwekea kila asubuhi."

Kanzu nimeshamaliza. Damu ya kwenye kola imekataa kutoka, nimeizungushia kitambaa kipya juu yake. Kesho Mama Zuhura anakuja kuichukua. Nikisema, wanangu watabaki bila mama. Nikinyamaza, Zuhura atabaki bila baba, na nitasimama kortini nikimtazama mtu anayefungwa kwa kosa langu. Enyi mnaosoma na hamnijui, mkiwa mahali pangu, mtamfungulia Mama Zuhura mlango mseme nini?